Kitanda cha Nyumba ya Mfano

SEHEMU YA SABA

Mlioniandama tangu mwanzo mnajua kuwa sina habari za kuchekesha. Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita nimpe kwa ufupi, maana hata mimi nachoka kuyarudia.

Naitwa Linet, binti wa mchungaji, mkazi wa Ganda. Kazi yangu ni kutia samani nyumba za watu: vitanda, makabati, mapazia, mito. Nilipata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, kupamba mtaa mpya unaojengwa ufuoni, ng'ambo ya mto Sabaki. Mtaa wenyewe umeitwa Utulivu. Jina hilo likinitoka kinywani siku hizi nasikia uchungu.

Bwawa la kuogelea lilipasuka kabla mtu hajatia mguu. Kisima kilichotoa maji matamu kikageuka chumvi. Kyalo, fundi wangu wa mbao, mtu mwangalifu kupita kiasi, akajikata vidole kwa msumeno. Kisha mume wangu Garama, msimamizi wa mafundi pale pale Utulivu, akaketi juu ya kitanda cha nyumba ya mfano ajaribu kama kinalia. Hakuinuka tena. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikieni yaliyofuata, na kama mnakula, malizeni kwanza.

Hospitalini daktari alizitazama picha za eksirei mbele ya dirisha, akazigeuza, akazitazama tena.

"Mama, mfupa ni mzima. Mshipa ni mzima. Damu yake safi."

"Basi mbona hatembei?"

"Hata mimi najiuliza."

Daktari anayejiuliza! Tukapewa vidonge vya maumivu, na mgonjwa mwenyewe hana maumivu. Tukarudi nyumbani.

"Linet, nifinye mguu," Garama akaniambia nilipomlaza.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa je?"

"Panda juu. Juu tena. Hapo! Hapo nasikia."

Mkono wangu ulikuwa umeshapita goti. Hospitalini ganzi ilikuwa chini ya vifundo. Nilimfunika shuka nikatoka nje nikalia, kisha nikaosha uso nikarudi.

Kesho yake mama mkwe aliingia kutoka Marafa bila kupiga simu. Bi Kadzo ni mwembamba, maneno yake machache, na ukiyapuuza utayakumbuka baadaye. Alikuja na kuku aliyefungwa miguu, mfuko wa mihogo, na kigoda chake kwapani.

Kigoda hicho ni zawadi yangu ya Krismasi. Kyalo alikitengeneza kwa kipande cha mviringo kisichofaa kitanda, akaweka upande laini juu na upande wenye mapambo chini, akakitia miguu. Mama alikipenda hata haendi popote bila hicho. Makochi yangu hayataki, anasema yanammeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yuko wapi?"

Baba ndiye Garama. Mama mkwe hajawahi kumwita mwanawe kwa jina. Kwetu Wagiriama kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mwanamke mwenye adabu zake halitamki jina la baba mkwe hata likikaa juu ya mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu alikuwa "Baba" tangu ananyonya.

Mama akaweka kigoda kando ya kitanda, akaketi, akazishika nyayo za mwanawe kwa mikono miwili.

"Baba, umegusa nini?"

Garama akageukia ukutani. "Sikugusa kitu, mama."

"Nakuuliza kwa kuwa nyumbani hakuko sawa. Tsawe ameondoka tangu kabla ya Krismasi, nami nilikaa kimya nikidhani wazee watampata."

Tsawe ni babu. Nikadhani mama amechoka na safari.

"Mama, babu si alikufa zamani?"

"Alikufa, ndiyo. Lakini alikuwa amesimama pale nyuma ya banda. Sasa hasimami. Limebaki shimo."

Hapo nikaelewa kuwa anasema juu ya kigango. Babu yake Garama alikuwa mzee wa Gohu, chama cha watu wazito, na mzee wa namna hiyo akifa huchongewa nguzo ya mti mgumu yenye kichwa, kifua, kiuno na miguu. Husimamishwa nyumbani, huvishwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi akikumbukwa. Na hahamishwi. Watu wakihama, yeye hubaki pale pale.

Mimi habari hizo nilizijua kwa kusikia tu. Miaka yote ya ndoa yangu nimepita karibu na kigango kile bila kukitazama. Baba yangu mchungaji alinikanya: masanamu hayatazamwi. Mama mkwe naye alinifundisha wiki ya harusi kwamba mkaza mwana hawakodolei macho wazee wa mumewe, wawe hai au wawe mti. Ukipita, inamisha uso. Watu hao wawili hawajapata kukubaliana juu ya jambo lingine lolote, na mimi nikawatii wote kwa pamoja.

"Ni wezi, mama," nikamwambia. "Vigango siku hizi vinauzwa. Vinawekwa mahotelini, vinapelekwa Ulaya."

"Mwizi gani anayeomba ruhusa?"

"Vipi?"

"Aliyemchukua alimwaga tembo kwanza. Kibuyu tulikikuta pale, na udongo umelowa. Kisha akachimba taratibu, asimjeruhi. Mwanangu, mwizi hana haja na hayo."

Garama akajifunika shuka mpaka kichwani. Niliona, nikasema ni homa. Mungu anisamehe ujinga wangu.

"Tuombe," nikasema.

"Tuombe. Mulungu ni mmoja," mama akajibu, na mkono wake ukapanda ukapapasa goti la mwanawe, ukapanda tena. "Lakini na mzee arudi. Arudi mzima, kila kiungo chake, kabla hii haijapanda zaidi."

Simu ikalia. Alikuwa Bi Aaliya.

Aaliya ni binti wa mwenye Utulivu, watu wa Malindi wa zamani. Ardhi ile ilikuwa shamba la minazi la babu yake. Baba mtu ni mzee, kwa hiyo kila kitu kiko mikononi mwa binti. Ana macho makali na ulimi mtamu, na vyote viwili huvitumia kwa wakati mmoja.

"Bi Linet, nimesikitika mno kwa mumeo, Mwenyezi Mungu amponye. Lakini wanunuzi wako hoteli moja Kikambala, wanafika leo alasiri. Chumba cha kulala cha nyumba ya mfano hakijakaa sawa. Njoo japo kidogo, dada yangu."

"Bi Aaliya, nina mgonjwa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema kidogo."

Nilimtazama mama mkwe, akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikaenda. Msinilaumu, kazi ile ikiniponyoka, nitabaki na mume asiyetembea na karakana iliyofungwa.

Utulivu palikuwa kimya. Nyumba nyeupe, makuti mapya, harufu ya rangi, na hakuna sauti ya nyundo hata moja. Mafundi walikuwa wameketi kivulini mbele ya nyumba ya mfano. Kyalo alikuwapo, mkono umefungwa bendeji.

"Mbona mko nje?"

"Mama, mimi ndani sirudi," Kyalo akasema.

"Kwa nini?"

"Kile kitanda nimekiunga mwenyewe. Lakini nikibaki nacho peke yangu, naona kama kuna mtu amelala."

"Kyalo, usinianze na mambo yako."

Nikaingia kwa ukali ili nisiogope. Bi Aaliya alikuwa katikati ya chumba, simu mkononi, anapiga picha.

"Kitanda kinazuia mwanga," akasema. "Kihamie ukuta wa pili."

Tukashika huku na huku, tukavuta. Ubao wa kichwani ukaachana na ukuta, mgongo wake ukapigwa na jua la dirishani.

"Subhanallah!" Aaliya akaachia kitanda. "Bi Linet, uzuri wote huu ukauficha?"

Zilikuwa pembetatu ndogo ndogo, safu juu ya safu, na ndani yake chembe za rangi nyekundu na nyeupe. Sikushangaa. Mchongo ule niliuona mbao zilipoletwa karakanani. Garama ndiye aliyezileta, vipande vipande, akaniambia zimetoka nyumba kuukuu iliyobomolewa Mambrui. Nyumba kuukuu zina michongo. Nilimwambia Kyalo upande huo uelekee ukutani, upande laini uelekee chumba, nikaendelea na mapazia yangu.

"Ugeuze uonekane," Aaliya akasema. "Na nyumba zote zilizobaki nataka hivi hivi. Si nilikwambia nataka mbao zenye historia? Garama amesema zipo nyingi."

"Amesema zipo wapi?"

"Kwao. Zimesimama tu zinaliwa na mchwa."

"Kwao Mambrui?"

"Mambrui kuna nini, Bi Linet? Kwao Marafa."

Nilipiga magoti nyuma ya kitanda. Sijui nilikuwa natafuta nini. Penye kiungo cha mbao mbili palikuwa na msumari mdogo wenye kutu, na chini ya msumari kipande cha kitambaa, chekundu kilichopauka, upana wa kidole. Pembeni kilikuwa na uzi wa dhahabu.

Mimi ni mtu wa vitambaa. Mshono wangu naujua hata gizani.

Mwaka nilioolewa, mama mkwe aliniomba kitambaa chekundu "cha kumvisha mzee". Nilikata masalio ya pazia, na kwa kuwa cherehani ilikuwa mbovu nikapinda ukingo kwa mkono, kwa uzi wa dhahabu, mshono wa kupishanisha alionifunza mama yangu. Mzee gani, sikuuliza. Nilidhani kuna mtu anataka kilemba.

"Yesu wangu," nikasema.

"Kuna nini?"

"Bi Aaliya, ubao huu naondoka nao."

"Unaondoka nao! Wageni wako njiani."

"Huu si ubao."

"Ni nini, basi?"

"Ni mzee wetu. Ni kigango cha babu yake Garama."

Aaliya ni mzaliwa wa hapa, hakuhitaji kufafanuliwa. Alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Astaghfirullah," akanong'ona. "Nami nimeshawatumia watu picha zake." Akavuta pumzi, akajiweka sawa mtandio, na macho yale makali yakarudi. "Linet, nisikilize. Lililofanyika limefanyika. Mrudishe alivyokuwa, uso ukutani. Wageni waone nyumba, waondoke, kesho umchukue kwa heshima zote. Hata gari nitakupa."

Nitasema kweli. Nilitaka kukubali. Moyo wangu ulishakubali, na mikono yangu ilikuwa imeshashika ukingo wa kitanda ili tusukume. Ndipo simu yangu ikalia.

"Mwanangu, rudi," ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Imefika kiunoni."

Nikatoa bisibisi mkobani.

"Ukifungua hiyo skrubu," Aaliya akasema, "fungua na mapazia yako yote. Sitakupigia simu tena, na nitahakikisha Malindi nzima hakuna atakayekupigia."

Nilifungua skrubu moja baada ya nyingine, machozi yakinidondokea mkononi. Ubao ulipoanza kuinama kuniangukia, mkono mmoja uliupokea kwa upande wa pili. Alikuwa Kyalo, aliyeapa kuwa harudi ndani. Alikuwa amefumba macho.

Tulizitenganisha mbao, tukazifunga ndani ya shuka jeupe la kitanda kile kile, nikapanda nazo pikapu mpaka Ganda.

Mama mkwe alikuwa uani, ameketi juu ya kigoda chake mbele ya jiko, anakoroga supu ya kuku wake. Sikutaka aone kabla sijamsikia mume wangu. Nilipitia mlango wa mbele, nikaingia chumbani, nikafunga.

Garama alikuwa chali. Alilitazama furushi, kisha akanitazama mimi.

"Nyumba ya Mambrui iko wapi, Garama?"

"Hakuna nyumba."

"Babu yako! Mtu uliyepewa jina lake!"

"Ulikuwa unalia, Linet. Kila jioni unalia. Aaliya anataka mbao zenye historia, Aaliya atampa kazi mtu wa Mombasa. Nilichoka kukuona hivyo. Nikaenda Marafa, nikamwagia tembo, nikamwambia, mzee, wewe ni Garama na mimi ni Garama. Ninachochukua ni changu mwenyewe. Akanyamaza. Nikaona ameridhika."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, maana ni kweli nililia, na ni kweli nilimwambia atafute popote. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Na nani alimkata?"

"Mimi. Hakuingia kwenye gari, na nilitaka asitambulike. Nilimkata magotini." Akaitazama miguu yake chini ya shuka. "Nikamkata kiunoni."

Tuliangaliana. Mkono wake ulishuka taratibu ukagusa kiuno chake juu ya shuka, ukafinya, ukafinya tena.

"Ulimkata wapi tena, Garama?"

Mkono ulianza kupanda, ukapita tumbo, ukapita kifua, ukasimama kooni.

Nililifungua furushi kwa haraka hata nikavunja kucha. Nilimpanga sakafuni kama nilivyodhani ndivyo: miguu, kiuno, kifua chenye pembetatu. Vipande vilikaa sawasawa, mkato kwa mkato. Juu ya kifua ilibaki saruji tupu.

"Kichwa kiko wapi?" Garama akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Kwani hukukileta?"

"Nilileta vyote. Kichwa nilikiweka juu ya meza ya Kyalo. Kile cha mviringo, kiasi cha sahani, kina vishimo viwili vya macho."

Cha mviringo. Kisichofaa kitanda. Upande laini juu, upande wenye mapambo chini.

Kabla sijasema neno, mlango ulifunguliwa kwa kiwiko. Mama mkwe aliingia, bakuli la supu mkono mmoja, kigoda mkono wa pili.

Aliona sakafuni. Hakupiga kelele. Aliweka bakuli chini, akavuta leso ikamfunika uso, akageuka upande kama mwanamke anavyofanya mbele ya baba mkwe. Na kwa kuwa si adabu kumsimamia mzee aliyelala, aliweka kigoda akaketi, mgongo ameuelekeza kwetu.

"Karibu, baba," akaziambia mbao zile. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Ahsante, Mulungu. Tutampeleka leo leo. Mwanangu, mimi simtazami. Nihesabie wewe. Miguu ipo?"

"Ipo, mama."

"Kiuno?"

"Kipo."

"Kifua?"

"Kipo, mama."

"Na kichwa?"

Garama alifumbua kinywa anizuie nisijibu. Midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, akajishika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na bado haikutoka.

Mama mkwe hakuona, kwa sababu ya adabu yake. Alijiweka vizuri tu juu ya kigoda, akauliza tena.

"Kichwa kipo, mwanangu?"